Makadirio Yakikosewa Tusinyamaze

Kodi ni mali ya nchi, wala hatuna huruma na mtu afichaye mapato yake. Lakini leo twataka kusema habari za mwananchi wa namna nyingine: yule aliyeuza kwa shilingi milioni 5 katika mwaka mzima, na kitabu cha Serikali kikaandika kwamba ameuza kwa milioni 10.

Hufanya nini mtu huyu? Hununa. Hulalamika barazani, hufunga genge lake amwonapo afisa wa kodi, au humtafuta mtu wa kumwombea maneno mazuri ofisini. Siku zapita, deni lazaa riba, na ile hesabu ya uongo yakaa kitabuni kana kwamba ni kweli.

Wazee wetu walitozwa kodi ya nyumba na Wadachi tangu mwaka 1898, kisha Waingereza wakawatoza ya kichwa. Mnyonge hakuulizwa amepata nini mwaka ule. Alihesabiwa kama mbuzi, akakamatwa njiani asipoonyesha tikiti. Kodi ya mapato si hivyo. Hii hutokana na hesabu, na hesabu yaweza kubishiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 iliweka siku 30 tangu mtu apate karatasi ya makadirio. Katika siku hizo aandike pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, aeleze ni tarakimu ipi iliyokosewa na kwa nini. Maneno ya mdomo dirishani si pingamizi, hata afisa awe mpole namna gani. Aliyekuwa mgonjwa au safarini aweza kuomba aongezewe muda. Akikataliwa pingamizi lake, iko Bodi ya Rufani za Kodi, juu yake Baraza, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Lakini atathibitisha kwa nini kama hana daftari? Kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo wa mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Na akiandikwa kwa makosa kwamba ameuza milioni 10, naye hana karatasi hata moja, ni 250,000! Daftari la shilingi elfu chache lingemwokoa.

Mfanyakazi wa mshahara naye asome karatasi yake ya malipo. Mwajiri ndiye anayekata kodi na kupeleka hesabu, basi yeye ndiye aandikiwe kwanza, na nakala ya barua itunzwe. Wako waajiri wanaopenda kuandika mishahara miwili, mmoja wa kulipa na mmoja wa kuonyesha. Vyama vya wafanyakazi vyawajua.

Sasa twaigeukia Serikali yetu. Sheria hiyo hiyo ya 2015 ilimtaka mwenye kupinga atangulize kwanza ile kodi asiyoibishia, au theluthi ya makadirio yote, ile iliyo kubwa zaidi. Kamishna aweza kusamehe akiona sababu nzuri, naye mlalamikaji awahi kuomba hivyo kwa barua. Kwa kampuni yenye mawakili jambo hili si zito. Kwa mama muuza mboga, theluthi ya hesabu ya uongo ndiyo mtaji wake wote. Twasema wazi kwamba halifai, na Wabunge wetu walitazame: mfanyabiashara mdogo asikilizwe kwanza. Tena, tangu Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, hakuna udhuru wa kumpelekea mtu huyo karatasi ya Kiingereza.

Makatibu wa matawi wasingoje Wabunge. Wafungue milango jioni, wawasomee wazee karatasi zao, wawaandikie barua, na juu ya kila barua waandike tarehe ambayo zile siku 30 zitakwisha.