Chandarua ni Dawa: Kikabidhiwe kwa Maelekezo ya Dawa

Ua la pareto, jeupe lenye kiini cha njano, hupenda ubaridi wa nyanda za juu. Lililimwa zamani kwenye miteremko ya Mlima Meru, na hadi leo Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa zao hilo duniani. Ndani ya kichwa cha ua hilo mna pairethrini, kemikali sita za ukoo mmoja ambazo huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu na kumwangusha upesi, huku madhara yake kwa binadamu yakiwa madogo. Udhaifu wake ni mmoja: hazihimili mwanga. Zikipigwa na jua, miale ya urujuanimno huzivunja, na nguvu yake hupotea ndani ya muda mfupi.

Katika kupulizia jikoni au ghalani, udhaifu huo ni sifa njema, kwa kuwa sumu haidumu penye chakula. Katika kumlinda mtoto aliyelala, haufai. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza pamethrini, kemikali iliyofuata mfano wa ile ya ua lakini yenye umbo linalostahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Miaka 30 baadaye, mwaka 2003, kiwanda cha A to Z jijini Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Katika vyandarua hivyo, pamethrini ya asilimia 2 huchanganywa ndani ya plastiki ya uzi, kisha hujitokeza juu polepole kadiri ile ya nje inavyopungua.

Kosa huanzia kwenye jina. Maneno “dawa ya muda mrefu” husikika kama “dawa ya milele”. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba chandarua cha aina hiyo kibaki na nguvu baada ya kufuliwa mara 20 katika maabara, na kwa miaka 3 ya matumizi ya kawaida. Pamethrini imeuzidi ustahimilivu wa ua, lakini haikuushinda mwanga kabisa. Kukianika chandarua juani kila kinapofuliwa, kama inavyofanyiwa shuka, ni kuifupisha dawa iliyomo.

Lawama haimwangukii mama anayeanika. Katika kliniki ya wajawazito, vidonge hutolewa kwa maelezo: vimezwe lini, vihifadhiwe wapi. Chandarua hutolewa katika kliniki hiyo hiyo, na mara nyingi maelezo huishia kwenye neno “kitumie”. Huo ni upungufu wa huduma. Kitu chenye kemikali hai, chenye kipimo na muda wa kuisha nguvu, ni dawa, na anayekitoa ana wajibu wa kueleza utunzaji wake.

Wapo watakaosema kwamba malaria ni haba mjini Arusha. Ni kweli, lakini wakazi wake husafiri: huenda Mto wa Mbu sokoni, huenda kwa ndugu kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi. Wengine watasema kwamba mbu wamekwisha kuwa sugu, hivyo dawa haina maana tena. Usugu upo kweli. Utafiti uliofanyika Muleba mkoani Kagera, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezewa kiambata cha kudhoofisha kinga ya mbu viliwalinda watoto zaidi kuliko vile vya kawaida. Lakini mbinu hiyo nayo hutegemea dawa iliyomo kwenye uzi. Dawa iliyofifia huwaacha hai mbu ambao kipimo kamili kingewaua.

Maelekezo yenyewe hayazidi dakika moja. Chandarua kipya kitandazwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Kifuliwe kinapochafuka tu, kwa maji ya kawaida na sabuni laini, bila jiki. Kianikwe kivulini. Tundu lishonwe mapema. Mhudumu aseme hayo kabla mama hajaondoka dirishani. Na mama asipoambiwa, aulize, kama ambavyo angeuliza kuhusu dawa nyingine yoyote.