Uzee Haukumwangusha Shosho

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nina hasira.

Shosho yangu alilazwa na nimonia. Siku ya nne alikuwa anapumua poa, anaitisha chai, anauliza atarudi lini kwa kuku wake. Usiku huo, saa tisa hivi, akabanwa na mkojo. Akaita. Akaita tena. Muuguzi alikuwa mmoja, wodi imejaa, na wakati huo alikuwa na mgonjwa aliyezidiwa. Shosho akaona aibu kujikojolea. Akashuka mwenyewe gizani, kitanda kiko juu, miguuni ana soksi tu, sakafu ina maji. Nyonga ikavunjika.

Asubuhi tukaambiwa nini? Ati "ni uzee."

Zii. Kilichomwangusha ni kitanda kirefu, giza, maji sakafuni na wodi nzima kuachiwa mtu mmoja. Hapo uzee uko wapi?

Najua komenti zinakuja: "Wewe uliacha chuo, udaktari umesomea wapi?" Sijasomea, na ndio maana nakasirika, juu haya mambo hata mimi nimeyaelewa. Dawa za presha na za usingizi zinaweza kumpa mzee kizunguzungu akisimama ghafla. Kwa hivyo akae kwanza kando ya kitanda, ndio asimame. Kitanda kishushwe, breki zifungwe. Taa ya njia ya choo iachwe ikiwaka. Kengele, miwani na bakora viwe karibu na mkono. Mtu ampeleke choo kabla ya kulala, bila kungoja aombe. Hiyo inataka digrii gani?

Na nyinyi mnasema "si wainue tu vyuma vya kitanda," tulieni. Mzee aliyebanwa anaweza kujaribu kuviruka, na sasa ataanguka kutoka juu zaidi.

Yule muuguzi simlaumu. Alilia kutushinda. Nalaumu wanaopanga zamu za usiku kana kwamba wagonjwa wote hulala fofofo hadi asubuhi. Nalaumu pia kufukuzwa jioni, ati muda wa kuona wagonjwa umeisha, ilhali ndani hakuna wa kumshika shosho mkono. Kama hamna watu, si mturuhusu tukeshe naye?

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wengi wao ni wazee. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Umesikia? Familia pia. Hata sisi tumo.

Kuposti picha ya shosho na maua ni rahisi. Ukienda wodini, weka simu mfukoni dakika tano. Angalia urefu wa kitanda. Kitingishe uone kama breki zimefungwa. Mpelekee viatu visivyoteleza. Halafu uliza, kwa heshima lakini usikike: "Usiku nani anampeleka choo?" Ukikosa jibu, uliza mkubwa wao.

Sisi hatukuuliza. Shosho bado hatembei, na kuku wake nawalisha mimi.