Hadaa ya Jua Juu ya Theluji



Wapenzi wasomaji, likizo ya Pasaka inakaribia, na vijana wetu kadhaa, wengine pamoja na shule zao na wengine pamoja na marafiki, watafunga safari kwenda kupanda milima ya Scotland. Safari ni jambo jema. Lakini huku mabondeni maua yamekwisha chanua na makoti mazito yamerudi kabatini, basi mzazi hudhani kwamba hatari ya theluji imepita. Kule juu, katika milima ya Cairngorm na kwenye Ben Nevis wenye kimo cha mita 1,345, mambo ni mengine. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuyazungumzie maporomoko ya theluji ya majira ya machipuko.

Theluji ya mlimani hulaliana tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Usiku wa baridi kali, maji yaliyomo ndani yake huganda na kuzishikamanisha tabaka hizo. Jua likipanda, au mvua ya vuguvugu ikinyesha, theluji huyeyuka, maji yakapenya chini, na kile kilichokuwa gundi kikageuka utelezi. Mfano mashuhuri ni mwamba uitwao Great Slab, katika bonde la Coire an Lochain huko Cairngorm. Mwamba huo ni mpana, laini, tena umeinama. Katika majira haya maji hupita baina yake na theluji, na theluji hiyo, tangu uso wake hadi kwenye jiwe, huweza kuporomoka kwa mkupuo mmoja. Wajuzi wa milima hawapiti chini yake.

Hatari ya pili ni ukingo wa theluji ambao upepo huujenga juu ya genge, ukaning'inia kama upenu wa nyumba. Ukingo huu ukikatika, hauchagui aliye juu wala aliye chini. Tarehe 27 Desemba 1836, katika mji wa Lewes, kusini kabisa mwa Uingereza, ukingo wa namna hii ulianguka kutoka kilimani ukafukia nyumba, na watu 8 wakafariki. Wakazi walikuwa wameshauriwa kuondoka, hawakuondoka.

Basi msafiri ashike haya:

1. Asome taarifa ya siku hiyo. Msimu wa baridi, Scottish Avalanche Information Service hutangaza hali ya milima kwa daraja kuanzia 1 hadi 5. Daraja la 3 si salama kwa kuwa liko katikati. Hapo hata mtu mmoja anaweza kuuangusha mteremko. Tena taarifa hizo hukoma majira ya machipuko, ilhali theluji bado ipo. Kukosekana kwa taarifa si dalili ya amani.

2. Aondoke alfajiri, na awe ameishuka miteremko mikali kabla ya adhuhuri. Mteremko unaoelekea mashariki hupata joto mapema zaidi. Na kama usiku mbingu zilikuwa na mawingu na theluji haikuganda, asubuhi peke yake haitamlinda.

3. Atazame dalili: kiatu kuzama hadi kwenye muundi, vidonge vya theluji kujiviringisha vyenyewe, nyufa, au mlio mzito chini ya miguu. Aiepuke miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na asipumzike chini yake.

4. Asiende peke yake. Aliyefukiwa hukosa pumzi, na matumaini hupungua upesi baada ya dakika 10 za mwanzo. Mwokozi wake ni mwenzake aliye karibu, naye ahitaji beleshi, ufito mrefu wa kupimia, na kila mmoja kuvaa kifaa cha mawimbi ya redio. Kisha hupigwa 999, wakaombwa polisi na kikosi cha uokozi wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea, wala hawatozi fedha.

Limebaki moja, nalo ni letu wazazi. Kijana huvumilia hatari kwa sababu nauli imekwisha lipwa, wenzake wanasonga mbele, na anaogopa kuitwa mwoga. Nahodha wa kwetu akiona upepo umegeuka hutua tanga, wala hapana bandarini amchekaye. Basi mwanao kabla hajafunga mzigo, mwambie waziwazi kwamba akirudi bila kufika kileleni utampokea kwa furaha ile ile. Neno hilo analihitaji kama anavyohitaji koti lake. Tawakali ni wajibu wetu, lakini ngamia hufungwa kwanza. Wahenga nao walitwambia: kawia ufike.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote. Wabillahi tawfiq.