Gari la moshi: kukosa jibu dirishani kunaweza kuua

Katika vituo vya gari la moshi vya Katanga, malalamiko ya wasafiri hayabadiliki: mama anauliza treni itaondoka lini, anafokewa ao hajibiwi kabisa.

Wafanyakazi nao wana yao. SNCC, shirika la taifa la reli lenye makao makuu Lubumbashi, limeona migomo mingi kwa sababu ya malimbikizo ya mishahara. Treni za abiria ni chache na huchelewa hata siku kadhaa. Mara nyingi aliye dirishani mwenyewe hajaambiwa kitu. Badala ya kusema "Samahani mama, bado sina habari", anafoka.

Wasafiri pia wana sehemu yao. Wengine husukumana, hupita mbele ya wazee, humtukana muuza tiketi kwa kosa lisilo lake.

Hasara yake ni kubwa kuliko aibu. Asiyejua kama treni yake itakuja hushawishika kupanda mabehewa ya mizigo. Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, jimboni Lualaba, ikiwa na watu waliopanda bila ruhusa. Zaidi ya 70 walikufa.

Kulipa mishahara na kuongeza treni kunahitaji pesa nyingi. Ubao wa kuandika kila asubuhi treni iko wapi na inatazamiwa lini hauhitaji. Msafiri akisoma hapo, ataamua kungoja ao kurudi nyumbani, na muuza tiketi hatatukanwa kwa jambo asilolijua.