Baridi Inapokwisha, Using'oe Haraka



Mwezi huu wa nane, sisi tunaokaa nyanda za juu, kule Njombe na Makete, tunaanza kuvua sweta mchana. Usiku bado ni baridi, na asubuhi nyingine unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imeyafunika majani. Bustani ya maua mbele ya nyumba inatia huruma: mashina meusi, majani kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mkono unawasha kushika jembe. Ngoja kwanza nikusimulie.

Mwaka 2004 nilikuwa bibi harusi mpya nyumbani kwa wazazi wa mume wangu. Jumamosi moja ya mwezi wa saba mama mkwe alikwenda kwenye maombi ya akina mama, nami nikaamua kumfurahisha. Nikafagia uwanja, nikang'oa dalia zote za mlangoni, mizizi na yote, nikazitia moto pamoja na takataka. Aliporudi alisimama kitambo. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, zilikuwa zimelala." Wifi yangu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mbegu ile mama alipewa na mama yake mzazi alipoolewa. Jioni ile nilipakua ugali bila kuinua macho.

Chuoni nilifundishwa kwamba hutamki mtu amekufa mpaka umempima. Dalia sikuzipima.

Kupima kwenyewe si kazi. Mti wa waridi, kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, uko hai. Dalia, fukua udongo pembeni taratibu kwa mkono, kisha minya kiazi chake. Kikiwa kigumu kama kiazi kitamu, kirudishie udongo. Kikiwa laini na kinanuka, hicho kimeoza, kitupe. Shina lililoungua likate ubakize kama sentimita 15, funika kwa majani makavu, na usimwagilie mno, maana baridi na maji pamoja ndivyo vinavyoozesha. Kugawa viazi ngoja macho yatokeze. Kila kipande kiwe na kisehemu cha shina chenye jicho. Kiazi kisicho na jicho hakitachipua, hata ukikililia.

Mawaridi yapogoe sakitu ikikoma. Ukiyawahi yatatoa machipukizi mateke, nayo baridi itayachoma usiku mmoja. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Na mwiba ukikuchoma, mama mwenzangu, usifute tu kwa kanga ukaendelea. Udongo na samadi hubeba vijidudu vya pepopunda. Osha kwa sabuni na maji mengi, na kama hukumbuki lini ulichanjwa mara ya mwisho, nenda zahanati.

Wa kwanza kuamka kwangu ni mfyulisi, ambao wengi tunauita mpichi: maua ya waridi kwenye matawi yasiyo na jani hata moja. Kisha mayungiyungi meupe karibu na mfereji.

Najua wengine mnatamani maua ya Kitulo. Uwanda ule, uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Tafadhali msichimbe huko. Okidi zake nazo hulala chini kwa kiazi, na viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi kupelekwa Zambia kupikwa chikanda. Aliyechimba kiazi amemaliza ua zima. Tena, ukiihamishia kwako mara nyingi itakufa, kwani hutegemea kuvu walio katika udongo wa kwao. Nenda mvua zikishanyesha, kati ya Desemba na Machi, ukaangalie na watoto.

Na dalia za mama? Wifi alikumbuka kwamba miaka ya nyuma mama alimgawia jirani kipande. Nilikwenda na kilo ya sukari na aibu yangu, nikarudi na viazi viwili. Nilivipanda mlangoni mwa mama kabla ya mvua. Alinitazama nikifukia, akaniletea maji ya kunawa.

Mama alitangulia mbele za haki mwaka 2015. Juzi nimefukua kidogo kwa kidole pale mlangoni: macho matatu, yenye wekundu.