Kwato Witiri

Wapo wasomi wetu wanaoamini kwamba elimu haiwi elimu mpaka imtoe mtu jasho la ulimi. Ukitaka kuwatambua, wasikilize wakitamka kivumishi hiki cha elimu ya wanyama: perisodaktili. Mwanafunzi akiweka mkazo kwenye "ti", kama Kiswahili kinavyoagiza, humcheka. Wao huuweka kwenye "dak", kama Waingereza, kisha hutazama huku na huku kuona nani amewasikia.

Nasema kicheko hicho ni kasumba. Neno lina silabi sita: pe-ri-so-dak-ti-li. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mgeni akiingia nyumbani hufuata ada za nyumba. Mbona hatumcheki anayesema "daktari" kwa mkazo wa "ta"?

Lakini ubaya mkubwa hauko kwenye matamshi, uko kwenye maana. Neno hilo lilitokana na jina aliloliunda Richard Owen, bingwa Mwingereza wa maumbile ya wanyama, mwaka 1848, kwa mizizi miwili ya Kigiriki: perissos, yaani isiyogawanyika kwa mbili, na daktylos, yaani kidole. Linawataja wanyama wenye vidole witiri: farasi, punda na pundamilia wenye kimoja kila mguu, na kifaru mwenye vitatu. Wenzao wa upande wa pili, artiodaktili, ni wa vidole shufwa: twiga na ng'ombe hukanyaga kwa viwili, kiboko kwa vinne.

Witiri na shufwa! Maneno haya mtoto huyapata shule ya msingi, katika somo la hisabati. Huyohuyo akifika sekondari, ambako kwetu Tanzania biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, hukaririshwa neno refu kama kasuku, pasipo mtu kumwambia kwamba ndani yake mna hesabu aliyokwisha kuijua. Akifeli, tunasema hana akili ya sayansi. Dhuluma gani inapita hiyo?

Nitaambiwa kwamba witiri ni neno la Kiarabu. Naam, na Owen alichota kwa Wagiriki, wala Kiingereza chake hakikuitwa maskini. Nitaambiwa tena kwamba yuko tapiri, mnyama wa Amerika na Asia, mwenye vidole vinne miguu ya mbele, naye ametiwa kundi la witiri. Kweli, kwa kuwa kwao wote uzito wa mwili hubebwa zaidi na kidole cha kati. Lakini kasoro hiyo imo katika Kigiriki vilevile. Mbona Kigiriki hakikufukuzwa darasani?

Sisemi neno la Owen litupwe. Mtaalamu wetu atalihitaji azungumzapo na wenzake wa ulimwengu. Nasema mwalimu aanze na "kwato witiri", amwonyeshe mtoto ukwato mmoja wa punda na kwato mbili za mbuzi, ndipo aandike ubaoni neno refu na kulipasua mizizi yake. Anayeanza na kuishia kwenye silabi anafundisha kelele.