MATRONI SIYO MNYAPARA (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Tabora na popote mnaponisoma, leo nina neno moja tu.

Acheni kumwita matroni "mnyapara". Na ninyi wauguzi wenzangu, acheni kumtisha mzazi kwa "ngoja nimwite matroni".

Mnyapara ni neno la huku kwetu, na lilikuwa la heshima. Karne ya 19, misafara ya Wanyamwezi ikitoka Unyanyembe na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, mnyampara ndiye alikuwa mkubwa wa wapagazi. Aliwaongoza njiani, na kukiwa na shida ya posho au ujira aliwasemea watu wake. Baadaye neno likaharibikia mashambani na magerezani, likabaki la mtu wa kukukaba shingo ufanye kazi. Sasa mwanamke akisimamia wodi kwa msimamo, tayari ni mnyapara. Mwanaume akikalia kiti hicho hicho anaitwa patroni, na akifoka mnasema "yule yuko makini". Kweli hiyo ni haki?

Matroni mzizi wake ni neno la Kilatini, mater, yaani mama. Sisi tunalitumia sehemu tatu. Harusini anamsimamia bibi harusi. Bwenini anawaangalia wanafunzi. Hospitali anasimamia wauguzi. Rudia hiyo ya mwisho: anasimamia WAUGUZI. Zamu zao, usafi wa wodi, namna wanavyokuhudumia na lugha wanayokujibu, hayo yote ni ya kwake. Kwa hiyo ukitishiwa kuitiwa matroni, jibu kwa adabu tu: "Mwite sista, na mimi nina la kumwambia."

Mtasema ni neno tu, lina shida gani? Shida ni hii. Mama kajifungua, damu inamtoka kuliko kawaida, kitenge kimelowa, halafu kanyamaza kwa sababu kaambiwa matroni hapendi kelele. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wazazi, na hapo dakika zinahesabika. Mwingine kaombwa "ya chai", katoa, kaenda nyumbani analia. Yule ambaye angemsaidia alikuwa ofisi ya pili tu, ila jina lake limeshageuzwa fimbo.

"Sista, mbona wengine ni wakali kweli?" Wapo, sikatai. Aliyekufokea mwambie amekufokea, na akikupuuza nenda kwa mganga mfawidhi, ndiye mkubwa wa kituo. Lakini usiichafue kazi nzima kwa mdomo wa mmoja, maana kesho mdogo wako ataogopa kugonga mlango huo huo.

Sasa fanyeni hivi. Mkilazwa, ulizeni mambo matatu: inchaji wa zamu ni nani, matroni anaitwa nani, ofisi yake iko wapi. Baba na mama mkwe nao wajue, maana uchungu ukikolea wewe hutakuwa na nguvu ya kuuliza.

Na wewe muuguzi mwenzangu uliyekasirika kusoma hapa, jiulize: kama unafanya kazi yako vizuri, kwa nini mzazi asimjue matroni wako?

Sehemu ya 4 kesho jioni, tutaongelea kadi ya kliniki.